Vitabu vya Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Kaa chini kwanza, vaa miwani, maana mkono unaokuandikia ni mkono wa mtu mashuhuri. Nimejifunza kujalidi vitabu kwa wiki sita, kazi ambayo wenzangu huzeeka nayo na bado wakafa hawajui kunyoosha mgongo. Uzi ukiniona unajiingiza wenyewe kwenye tundu la sindano. Jana nimeshona rejesta ya mahakama ya kurasa mia nne nikiwa nimefumba macho, na nilipofumbua nikaikuta imenyooka kuliko mwanajeshi kwenye gwaride. (Sawa, jicho moja lilikuwa wazi. Kidogo tu.)

Na hilo ni dogo. Katikati ya ufundi wote huo nimepata nafasi ya kugundua kwamba bosi wangu amemfungia mwanamke chumbani.

Usicheke. Wewe ndiye uliyesema mtu aliyeacha shule kidato cha pili lazima akuandikie barua ya mkono, ya karatasi, si ujumbe wa simu, ili kichwa kisiote kutu. Basi pokea kutu yenyewe.

Huyu fundi ambaye Baba amenitafutia kazi kwake mimi namwita Mzee Gundi. Si usoni, usoni namwamkia kwa adabu mpaka najihurumia. Ni mtu mrefu, mkimya, hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Aproni yake imeshika gundi miaka na miaka, akiivua haianguki, inasimama yenyewe kwenye kona kama mtu wa pili. Mara mbili nimeiamkia.

Juu ya karakana kuna chumba. Ngazi ya mbao, mlango mmoja, kufuli moja, na ufunguo anauvaa shingoni. Kila siku saa tisa mchana anapika uji mwepesi wa unga wa ngano, anautia kwenye bakuli, anachukua kijiko na kitambaa kibichi, anapanda. Namsikia huko juu akinong'ona. Baada ya saa nzima anashuka, bakuli tupu. Nikamwuliza, "Mzee, huko juu kuna mgonjwa?" Akanitazama kama nimemkanyaga kidole. "Huko juu kuna vumbi," akasema. Vumbi gani hilo linalokunywa uji, Shangazi?

Sasa sikiliza. Mgongo wa kitabu, ukivua kitambaa cha nje, ndani utakuta umebandikwa vipande vya karatasi chakavu ili ukakamae. Ndivyo mafundi walivyofanya zamani: karatasi yoyote isiyo na kazi ilikatwa, ikapakwa gundi, ikazikwa humo. Kwa kawaida nikivua mgongo nakuta gazeti, matangazo, mitihani ya watu waliofeli. Lakini kuna vitabu ambavyo kichwani mwa mgongo, pale unaposhonwa uzi wa urembo, uzi ni mwekundu. Hivyo sina ruhusa kuvigusa. Vikiletwa kukarabatiwa, Mzee Gundi anavinyakua kabla mteja hajamaliza salamu, anavipeleka juu.

Mimi ni mtu wa kukatazwa? Juzi imekuja rejesta ya shule yenye uzi mwekundu, Mzee yuko msalani. Nikachana kidogo. Ndani hakuna gazeti. Kuna maandishi ya mkono, wino wa zambarau, mwandiko wa kike. Nakunakilia:

"...asinisikie. Leo siku ya tisa sijaliona jua ila kwenye ufa wa..."

"...ufunguo anauvaa shingoni. Ananiambia ninywe uji, nami nina..."

"...ukiyaona maandishi haya ujue sikukaa humu kwa hiari..."

Nywele zilinisimama, na unajua nimenyoa.

Niite polisi au nimkamate mwenyewe?

Wako,
Mkono wa Dhahabu


Jumapili, 9 Machi

Kiherehere wangu,

Marahaba. Usimwite mtu yeyote. Usimkamate mtu yeyote. Kaa ushone.

Nimefundisha fasihi miaka thelathini na miwili, na hiyo hadithi unayonitishia naijua mahali ilipozaliwa. Yapata miaka mia mbili na sitini iliyopita, kwenye nchi za baridi, bwana mmoja tajiri alitoa kitabu kuhusu ngome yenye laana. Hakutia jina lake. Alidai ni maandishi ya kale yaliyookotwa kwenye maktaba ya ukoo fulani, na kwamba yametafsiriwa tu. Watu wakaamini, wakatetemeka vizuri. Kilipochapwa mara ya pili, bwana akakiri: ni mimi, nimetunga yote. Kwa hiyo hadithi za kutisha, mwanangu, zilianza na uongo juu ya karatasi za kuokotwa. Na waliofuata wakajenga humo humo: ngome, ngazi, mlango uliofungwa, msichana, mwenye nyumba mkimya mwenye ufunguo.

Halafu wakaja wanawake waandishi, wakawa mabingwa. Kurasa mia tano msichana anakimbia na mshumaa, mwishoni inabainika mzimu ulikuwa pazia, na aliyekuwa akiburuta minyororo ni mjomba anayetaka urithi. Ikafika mahali mwandishi mwingine akawatania wasomaji wenyewe: msichana aliyesoma vitabu hivyo kupita kiasi anaalikwa kwenye nyumba ya watu, anamshuku mwenye nyumba kwamba kamuua mkewe. Hakuwa ameua mtu. Msichana akafedheheka mpaka akatamani sakafu immeze. Unamfahamu mtu wa namna hiyo? Amenyoa.

Uji wa ngano ni gundi, mpumbavu wangu. Hata mimi nalijua hilo.

Hata hivyo. Ukipata vipande vingine, vinakili. Nakili kama vilivyo, pamoja na maneno yaliyokatwa. Huo wino ni mzito au umepauka? Na herufi g: mkia wake umenyooka au umejikunja? Kuhusu uji na ufunguo sitasema kitu kwa sasa.

Usimwambie huyo Mzee Gundi wako kwamba umeniandikia.

Shangazi yako


Ijumaa, 14 Machi

Shangazi, shikamoo, ingawa sasa sijui namwamkia nani.

Najua uji wa ngano ni gundi. Nilikuwa nakupima. Lakini gundi huwekwa mezani chini, ambako vitabu viko. Huko juu anambandika nani?

Vipande vipya, kutoka kitabu cha wageni cha hoteli kilichokuja Jumanne:

"...ulibishwa tena, mara tatu, kutoka ndani. Bibi hakuinua macho kwenye ufumaji wake..."

"...nimenakili nyaraka zake siku kumi kumi na moja, na kila waraka una jina moja lililofutwa..." (hiyo kumi ya kwanza imekatwa na mstari)

Wino mzito. Herufi g ina mkia uliojikunja kama wa nguruwe.

Sasa nikajiuliza, mbona Shangazi, mtu wa kunicheka, anauliza habari za mikia? Nikaitoa barua yako, nikaiweka kando ya kipande. "Gundi." "Msichana anakimbia na mshumaa, ngome, ngazi." Shangazi! Mikia yako yote imejikunja. Nguruwe zizi zima.

Nimekaa kwenye ngazi nimeshika kichwa. Je, uliwahi kufungiwa juu na Mzee Gundi? Ulitoroka? Baba anajua? Au wewe na yeye mko pamoja kwenye jambo hili, na mimi nimeletwa hapa nimalizwe kimya kimya? Nijibu kwa herufi kubwa tupu ili nisiione hiyo g.

Kwa tahadhari kubwa,
Mpelelezi Mkuu


Alhamisi, 20 Machi

Kiherehere,

Nitaandika kwa g zangu zote, uzizoee.

Hakuna mwanamke aliyefungiwa. Kuna kitabu. Ni changu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesoma kila hadithi ya kutisha niliyoweza kuazima, na nikaona namna woga ulivyohama nyumba: kwanza ulikaa kwenye ngome, kisha binti ambaye hajatimiza miaka ishirini akauhamishia kwenye maabara, kwa msomi aliyeshona kiumbe kutoka kwa maiti. Ukaingia magazeti ya bei rahisi waliyosoma wafanyakazi kila wiki, ukanyonya damu. Halafu ukahamia nyumba za kawaida, na mwisho ukaingia kichwani mwa msimulizi mwenyewe, anayekuapia kwamba yeye ni mzima kabisa. Ngome ikawa nyumba, nyumba ikawa chumba, chumba kikawa kichwa. Nikasema na mimi nitaandika cha kwetu, kisicho na ngome wala theluji.

Nikaandika miaka miwili. Msichana anaajiriwa kunakili nyaraka kwenye nyumba kubwa. Bibi mwenye nyumba anavaa ufunguo shingoni, anamnywesha uji. Chini ya ngazi kuna mlango unaobishwa kutoka ndani. Sura kumi na mbili, nakala moja tu, wino wa zambarau kwa sababu ndio niliopewa na shule.

Nikaupeleka mswada kujalidiwa ili niuonyeshe kwa heshima. Karakana ilikuwa ya mzee mwingine. Alikuwapo mwanagenzi, kijana mrefu mwembamba, nywele zimeganda gundi. Niliporudi baada ya wiki aliniambia, "Umeibiwa, dada," huku akiangalia viatu vyangu. Nilimwamini nusu. Nusu nyingine nimeibeba miaka thelathini na sita. Sikuandika tena. Nikafundisha vya wenzangu.

Sasa unaniambia vipande viko migongoni mwa rejesta, na mtu mrefu anavipandisha juu na kufunga mlango. Na ufunguo anauvaa shingoni kama bibi wa hadithi yangu! Ameisoma. Aliipenda, akaichukua, na anaikusanya tena. Kwa nini, kama si kuitoa kwa jina lake?

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mchapishaji wa vitabu, ananiomba andiko tangu nistaafu. Nimemwambia sina. Leo asubuhi nimemwambia huenda ninalo.

Jambo moja linanila. Sura ya mwisho niliiandika mara mbili. Katika moja msichana anaufungua mlango. Katika nyingine anakataa. Asubuhi ya kwenda kwa fundi nilichana moja. Sikumbuki ipi. Kitabu bila mwisho ule si kitabu, na mimi wa leo siwezi kuuandika. Aliyeujua alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mwangalie huyo mtu. Lakini usipande.

Shangazi yako


Jumamosi, 29 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimepanda.

Usigombe, utapandisha presha. Jana Mzee kapeleka rejesta mahakamani, mchana kweupe, nami nikapeleka bisibisi kwenye bawaba. Wezi wa kawaida huhangaika na kufuli. Mimi nauondoa mlango wote, naulaza pembeni.

Nikaingia na kisu cha kukatia karatasi mkononi, kama kuna mzimu apate chake. Shangazi, hakuna mtu. Kuna kiti, meza, na kamba zimefungwa ukuta kwa ukuta kama za kuanikia nguo. Kwenye kamba, kwa vibanio vya mbao, vimening'inia vipande vyako. Mamia. Amevivua migongoni, amevisafisha, amevipanga mstari kwa mstari, na kila kamba ina kibao: Sura ya Kwanza, Sura ya Pili, mpaka ya Kumi na Moja. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, zambarau yote ikawa inapepea. Nikashusha kisu, nikaona aibu.

Nimepiga picha zote kwa simu, duka la jirani limenitolea kwenye karatasi. Ndicho kifurushi ulichoshika. Unaweza kuniita shujaa, sitakuzuia.

Sura ya kumi na mbili haiko kwenye kamba. Ipo kwenye mkebe wa biskuti, chini ya meza: migongo mizima ya zamani, bado imegandiana, karatasi juu ya karatasi. Miwili mitatu tu ndiyo kaigusa pembeni. Anakwenda polepole kama kobe mgonjwa, kitambaa kibichi, kipande kimoja nadhani kwa mwezi. Kwa mwendo huo utausoma mwisho wako ukiwa na miaka tisini.

Nimemshuku zaidi. Mtu mwema angekuambia. Huyu anajifungia, ananong'ona, nadhani anajisomea. Ana meza, ana kalamu. Kesho utasikia jina lake redioni.

Lakini usijali. Yeye ana kitambaa, mimi nina akili. Ijumaa anakwenda tena mahakamani.

Bingwa wa Bawaba


Jumatano, 2 Aprili

Kiherehere,

Nimesoma sura zote kumi na moja kwa kikao kimoja. Nimelia, nimecheka, nimemwonea wivu yule binti. Mchapishaji amezichukua. Anataka sura ya mwisho kufikia katikati ya mwezi.

Mkebe huo usiuguse kwa pupa. Mimi sijui mambo ya gundi, lakini nakujua wewe.

Piga picha tu.

Shangazi yako


Jumanne, 8 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Huu hapa mwisho wako, nimeunakili kwa mkono wangu mwenyewe. Simu imepasuka kioo, haipigi picha. Vipande vyenyewe nimeviacha huko huko, ni vyepesi mno, posta wangeviua.

Kuna mapengo, mengine nimeshindwa kusoma. Pale pa mwisho panasema hivi:

"Msichana akaufungua mlango. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti, na meza, na karatasi nyeupe, na kalamu iliyokuwa bado na joto la mkono. Akacheka, maana alikuwa ameogopa fanicha. Akaketi. Nyuma yake mlango ukajifunga taratibu, kama mtu anayeomba radhi."

Basi. Sasa unajua. Alifungua.

Kazi ni nyingi, siwezi kuandika sana.

Mpwa wako

(Najua, mimi kwa Shangazi si mpwa. Nimechoka tu. Mwanao.)


Jumatatu, 14 Aprili

Kiherehere wangu mpenzi,

Kwa hiyo alifungua.

Nimeishi na swali hilo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Nilikuwa najidhania mwoga, kwamba lazima nilichana ule wa kufungua nikabaki na ule wa kukataa, kwa sababu maisha yangu yote baadaye yamekuwa ya kukataa: nilikataa kuandika, nilikataa kurudi ile karakana kuuliza tena. Kumbe binti yule alikuwa na moyo kuliko mimi.

Kitu kimoja kinanishangaza. "Alikuwa ameogopa fanicha." Sikumbuki kuwa na utani wakati ule. Nilikuwa binti mkavu, mama alikuwa akisema nacheka kwa ratiba. Nafurahi kukuta niliweza. Na huo mlango unaojifunga kama mtu anayeomba radhi: Mchapishaji anasema hiyo ndiyo sentensi bora ya kitabu kizima, ataiweka nyuma ya jalada. Mashine zinaanza tarehe ishirini na nane.

Mbona ulipiga picha sura kumi na moja, na ile moja muhimu kioo kikapasuka? Na mbona barua yako haina majigambo? Hata jina hukujipa. Unaumwa?

Dibaji nimeshaiandika. Nimesema wazi kwamba mswada uliibiwa na mwanagenzi wa karakana ya kujalidi, akauficha maisha yake yote, na nimemtaja kwa jina. Mchapishaji anasema ni haki yangu. Ataisoma huko, hadharani, kama nilivyousikia mimi uongo wake: huku akiangalia viatu vya watu.

Shangazi yako mwenye furaha


Alhamisi, 17 Aprili

Kwako Bibi Mwalimu,

Salamu na heshima. Mimi ni fundi wa karakana anakofanya kazi mtoto wa kaka yako. Ulinijua nikiwa na miaka kumi na tisa.

Hukuibiwa mswada wako, na mimi sikuiba. Nilikata. Fundi wangu aliniagiza nilete furushi la karatasi chakavu chini ya meza. Yalikuwapo mafurushi mawili, yote yamefungwa kwa kitambaa cheupe. Nikachukua lako. Adhuhuri nilipotambua, karatasi zako zilikuwa zimeshabandikwa kwenye migongo ya vitabu vingi, na gundi haikuwa imekauka. Nikaogopa kusema. Nilichoweza ni kushona uzi mwekundu kichwani mwa kila kimoja, ili siku kikirudi nikijue.

Vimekuwa vikirudi, kimoja kimoja. Visivyorudi nimevifuata: shule, hospitali, hoteli. Watu huniona mwema kwa kuwakarabatia bure. Si wema. Nikikilainisha kipande kwa uji wa ngano na kukisafisha, hukisoma kwa sauti ndogo, ili nijue kinakwenda wapi. Ufunguo nilianza kuuvaa shingoni kwa utani, kwa ajili ya yule bibi yako, halafu sikuweza tena kuuvua. Nilitaka kukuletea kitabu kizima, si samahani tupu.

Ilibaki sura ya mwisho. Hapo wino wako ulibadilika, nadhani uliishiwa ukauzimua kwa maji. Huo hauvumilii unyevu. Nilikuwa nikivua kipande kwa mvuke wa pumzi na ukucha, tena siku nyingine naacha kabisa kwa sababu mkono unatetemeka.

Wiki iliyopita nimekuta mkebe mtupu. Kijana anasema mwenye mswada ni wewe, shangazi yake, na kwamba vipande vimefika kwako salama. Kama ndivyo, kazi yangu imekwisha, na nashukuru kwamba mikono yake ni mizuri kuliko yangu.

Ila beseni la karakana lina mstari wa zambarau ukingoni. Sijamwuliza. Na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Wako mnyenyekevu,
Fundi


Jumamosi, 19 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Barua ya Mzee ndiyo hiyo iliyotangulia, nimeiweka juu makusudi uisome kwanza. Alinipa juzi niipeleke posta, na bahasha ilikuwa wazi. Mtu aliyebandika karatasi maisha yake yote, sufuria ya gundi iko mbele yake, ananipa bahasha wazi! Nimetembea nayo mfukoni siku mbili nikimshuku. Kasahau? Ananitega? Leo nimeisoma kwenye ngazi. Hakusahau.

Kwanza, lifute jina lake kwenye ile dibaji. Nilikuambia anataka kukuibia kitabu, na nilikuwa sijui lolote, nilikuwa najaza tu. Nilimwona mtu mkimya nikamtungia mzimu. Ulinionya mapema, kuhusu yule msichana na sakafu, nikadhani ni mzaha.

Simu yangu ni nzima. Kioo hakina hata mkwaruzo.

Ijumaa ile, tarehe nne, Mzee alipotoka nilifungua bawaba, nikachukua mkebe, nikajaza beseni maji ya moto. Nilijiambia dakika kumi, kazi ambayo yeye ingemchukua miaka. Nikaimimina migongo yote kwa mkupuo, nikakaa kwenye kiti chake, nikawa napiga mluzi. Nilikuwa nimeshaandaa sifa za kujipa kwenye barua.

Dakika ya tatu maji yalikuwa ya zambarau. Mazuri kweli, nisikudanganye, kama maji ya sherehe. Nikadhani ni kitambaa kinachuja rangi. Halafu nikatia mikono, na karatasi zikaja juu nyeupe, Shangazi, safi, kama hujawahi kuzigusa, na nilipozishika zikanitoka vidoleni kama uji. Nilizikimbiza humo ndani ya beseni kama mtu anayekamata samaki. Nikalia, na kama utamwambia Baba nitakana. Nilimwaga maji mtaroni. Nikasugua beseni, kumbe sikusugua vizuri.

Nikarudisha mlango kwenye bawaba. Nilipouachia ulijifunga taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Sentensi hiyo si yako. Ni ya mlango wa Mzee. Kiti na meza ni vya chumba cha juu, na aliyeogopa fanicha ni mimi, na kisu mkononi. Mwisho wote niliutunga nyuma ya kalenda ya zamani ya karakana. Yule bwana wa ngome uliyenisimulia alikiri kilipochapwa mara ya pili. Mimi nakiri kabla hakijachapwa hata mara moja, kwa hiyo hapo angalau nimemshinda. Hapo tu.

Mzee nimemwambia leo, baada ya kuisoma. Hakunigombeza. Alichukua beseni, akaketi nalo mapajani, akalishika kama kuna kitu bado ndani.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo nililokuwa nazungukazunguka barua nzima nisilifikie. Kipande kimoja nilikiwahi. Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha na wino ulikuwa bado upo, unatiririka lakini unasomeka. Nilikisoma chote kabla hakijafutika. Nilipokutungia mwisho nilikuwa nakikumbuka neno kwa neno, na bado nikaandika kinyume, kwa sababu nilijua ungependa awe na moyo.

Kilisema: "...akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango, ukabishwa mara ya nne, naye hakuufungua."

Msichana wako hakuufungua mlango, Shangazi. Niliyeufungua ni mimi.

Kiherehere